Makala Yako Haichekeshi? Tafuta Ugonjwa Ulipo

Mtu akinipa makala ya kuchekesha iliyododa, swali langu la kwanza ni moja: msomaji aliachia wapi? Makala inayoachwa aya ya kwanza na ile inayoachwa aya ya sita haziumwi ugonjwa mmoja, na dawa ya hii inaweza kuimaliza ile. Nimeona makala nzuri kabisa zikitupwa kwa sababu ya kosa la kurekebisha ndani ya dakika kumi, na hilo linaniuma. Kwa hiyo kabla hujabadilisha hata neno, pima kwanza.

Mimi napimia jikoni kwa shangazi, Majengo hapa Moshi, wakati anamenya ndizi za mtori. Ndizi mbichi ina utomvu unaoganda vidoleni, mikono lazima uipake mafuta, na kisu kinataka macho. Mtu aliye kwenye kazi ile hana nafasi ya kukuheshimu kwa uongo. Namsomea huku nakitazama kisu. Kikisimama hewani, ganda likining'inia nusu, najua amenaswa. Kikiendelea na mwendo wake, sentensi imepita bure. Akisema, "Hebu nisogezee hilo beseni, mwanangu," napiga mstari mwekundu pembeni ya karatasi, maana hapo ameshaondoka. Kicheko chake sikihesabu sana, kwa sababu ndugu hucheka kwa upendo. Kisu hakina undugu.

Wewe tafuta wa kwako: anayechambua mchele, anayepasi, fundi cherehani aliye katikati ya kazi. Asikae akikutazama usoni. Soma mara moja, usifafanue chochote, kisha tazama mistari yako imeangukia wapi.

Anaachia aya ya kwanza

Hili ndilo la kawaida kuliko yote na tiba yake ni fupi. Chanzo ni insha ya shule. Tulifundishwa utangulizi, kiini na hitimisho, mkono ukazoea, na sasa mtu anayetaka kutuchekesha kuhusu usafiri anaanza na "Kama tujuavyo, usafiri wa umma ni muhimu katika maendeleo ya taifa." Anayesoma kwenye simu ana kidole juu ya kioo. Hakusubiri.

Funika aya ya kwanza kwa kiganja. Aya ya pili ikisimama yenyewe, ile ya kwanza ifute. Mara nyingi utafuta mbili. Ingia pale mambo yanapoanza kwenda kombo:

"Konda aliapa kwamba siti ipo. Ilikuwepo kweli, juu ya keria, imefungwa kamba."

Ndugu wa kosa hilo ni kutangaza: "Leo mtavunjika mbavu," au "Kisa hiki kinachekesha sana." Msomaji aliyeahidiwa kicheko anakaa mkao wa hakimu. Toa ahadi, toa kisa.

Kijiweni walianguka, kwenye karatasi kimya

Umesimulia kijiweni, bodaboda wa Pasua wakashikana mabega kwa kucheka, mmoja akaacha abiria anamsubiri. Umeandika kisa kile kile, na hakuna aliyenyanyua kichwa.

Hapo usikilaumu kisa. Kijiweni ulikuwa na uso, mikono, na kunyamaza. Na zaidi ya hayo ulisema, "Si mnamjua yule mzee wa pale kona?" wakajibu wote, "Eeeh!" Nusu ya kicheko ilikuwa imeshapikwa kabla hujafungua mdomo. Msomaji wa Mtwara hamjui mzee wa kona. Ukimwandikia "mzee mmoja mkorofi sana", umempa kivuli. Mpe kitu kimoja anachokifanya: mzee anayenunua gazeti la jana kwa nusu bei, halafu anabishana na watu kuhusu habari za leo. Sasa naye anamjua, na pengine ana wake mtaani kwao.

Kwa ule ukimya, tumia simu. Jirekodi ukisimulia kwa mtu halisi, halafu sikiliza tena ukiwa na kalamu. Kila uliponyamaza, weka nukta. Uliponyamaza kwa muda mrefu, anza aya mpya. Ulipoigiza sauti ya mtu, weka maneno yake kama yalivyotoka, usimsemee kwa taarifa. "Akamwambia kwamba hana chenji" imekufa, "Chenji? Mama, unanionaje?" inapumua. Ulipopiga kofi au kurusha mkono, tanakali sauti moja inatosha: kaanguka pu, kimya jii. Ukiweka tatu kwenye aya moja, zote zinageuka kelele.

Kuhusu lugha ya mtaani: iache ikae. Chalii wa Arusha azungumze kama chalii wa Arusha, na duka libaki "kwa mangi". Kama neno ni gumu kwa wa mbali, mazingira yamweleze. Ukisimamisha kisa ili utafsiri, umekata kicheko kooni.

Kila kitu kipo, lakini hakuna anayecheka

Huu ndio ugonjwa ninaoutibu kwa moyo wote, kwa sababu unawapata wenye vipaji. Tazama:

"Siku moja kulikuwa na mbuzi amekaa siti ya mbele kwenye Hiace ya kutoka Himo, amelipiwa nauli kama mtu, anatazama nje dirishani."

Picha ni nzuri. Ila mbuzi ametokea neno la tano, na yote yanayofuata ni maelezo ya mbuzi. Sasa mrudishe nyuma:

"Siti ya mbele, pembeni ya dereva, alikaa abiria mmoja mtulivu. Alilipiwa nauli kamili, hakudai chenji, hakusukumana na mtu. Njia nzima kutoka Himo alitazama nje dirishani. Tulipofika stendi ya Moshi, mwenyewe akaja akamfungua kamba."

Neno "mbuzi" halimo. Kamba ndiyo iliyofyatua mtego, na ni neno la mwisho kabisa. Msomaji amemwona mnyama kwa akili yake mwenyewe, kwa hiyo kicheko ni mali yake. Anarudi hata kusoma upya pale kwenye chenji.

Na hapa Kiswahili kimetupa zawadi ambayo wengi hatuigusi. Mnyama anachukua upatanisho wa mtu: mwalimu alikaa, mbuzi alikaa. Hiyo *a-* inawafunika wote kwa shuka moja hadi utakapoamua kulifunua. Angalia pia kwamba *a-* haisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Refa, dereva, mwizi, wote wanaweza kutembea aya tatu nzima kabla msomaji hajagundua ni bibi. Lugha nyingi zingekwishatoboa siri.

Lakini ngeli hizo hizo zinaweza kukuumbua. Andika "kilichokaa siti ya mbele kililipiwa nauli" na siri imetoka kabla ya kituo cha kwanza. Kila mtu anajua si mtu. Kama unachoficha ni gunia la mahindi au kabati, *li-* itapiga kelele. Dawa ni kumvika jina la mtu tangu mwanzo: abiria, mgeni rasmi, jirani, mteja. Jina hilo linashikilia *a-* mpaka mwisho:

"Mwenye nyumba wangu haongei na wapangaji, analala mapema, na saa kumi alfajiri anaamka, anapanda ukuta, anawika."

Jogoo naye hakutajwa. Kitenzi kimefanya kazi yote.

Mambo mawili yanayovujisha siri hata kama sentensi umeipanga vizuri. La kwanza ni kichwa cha makala. Ukiandika "Mbuzi Ndani ya Hiace" juu kabisa, hakuna upangaji utakaokuokoa; iite "Abiria Asiyedai Chenji" na picha ya mbuzi usiiweke mwanzoni. La pili ni "kumbe". Tunalipenda neno hili mpaka limechoka. "Kumbe alikuwa mbuzi!" ni kupiga ngoma ili watu wajue sasa wanatakiwa kushangaa. Lifute usome tena. Mara nyingi mshangao utakuwa pale pale, umesimama vizuri zaidi.

Walicheka mwanzo, katikati wamepotea

Mistari myekundu imejazana aya ya nne, ya tano na ya sita. Ukizisoma moja moja, kila moja ina kichekesho chake kizuri. Shida ni kwamba hakuna kinachosubiriwa. Msomaji hana sababu ya kuvuka kutoka kichekesho hiki kwenda kingine, kama mtu aliyepewa karanga moja moja na hajaambiwa chakula kinakuja saa ngapi.

Uliza: nani anataka nini, na kinamzuia nini? Mtu anataka kufika harusini Kibosho na kreti la soda likiwa zima. Basi. Sasa kila kichekesho lazima kilipe nauli, yaani kimsogeze karibu na harusi au kimrudishe nyuma. Kisicholipa kinashushwa njiani hata kama kinavunja mbavu. Usikitupe lakini. Mimi nina daftari la walioshushwa, na wengi wamekuja kupanda gari lingine.

Njia ya pili ya kuikaza katikati tunaijua tangu utotoni. Wazee wa huku wanasimulia habari za vilele viwili vya Kilimanjaro: Mawenzi alikuwa na tabia ya kuzimikiwa moto, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Alikwenda mara ya kwanza akapewa, na akakaribishwa na ndizi za kutwanga. Zikamnogea. Akarudi tena, moto umezimika. Mara ya tatu Kibo akashika mchi. Ndiyo maana ukisimama Moshi ukatazama kaskazini, Kibo yuko laini na mviringo, Mawenzi amebaki vile alivyo, amechongoka na kukatikakatika.

Tazama mashine iliyomo ndani. Ombi ni lile lile, na mara ya pili msikilizaji anajua zaidi ya Kibo: anajua kwamba shida si moto, ni zile ndizi. Kuanzia hapo huwezi kumwondoa, kwa sababu anataka kuwepo siku Kibo atakapogundua. Kama katikati yako inapwaya, chukua jambo lililochekesha mwanzoni, lirudishe likiwa limebadilika kidogo, na mpe msomaji siri ambayo mhusika hajaijua. Mara ya tatu livunje. Ukifika ya tano bila mchi, wamekwenda.

Chuku imekataa kupanda

"Mawingu yalikuwa mengi mpaka mgeni akafa mara kumi kwa hasira." Shangazi aliomba beseni.

Chuku inakataa kupanda ikianzia juu. Haina pa kukanyaga. Niliyokuwa naandika ilihusu mgeni aliyetoka Dodoma kuja kuuona mlima, akakuta masika. Wanaoishi hapa wanajua: mlima unaweza kufungwa na mawingu siku nzima, hata siku kadhaa, ukachungulia alfajiri au jioni, kisha ukajifunika. Sikuhitaji mtu afe. Ukweli wenyewe ulikuwa umeshavuka chuku: kitu chenye urefu wa mita 5,895 kimepotea mbele ya macho ya mji mzima, na mji hauna wasiwasi wowote.

Nikaanza hapo, nikapanda ngazi moja moja. Siku ya kwanza mwenyeji ananyoosha kidole kwenye wingu: "Upo pale." Siku ya pili jirani anakuja kukirekebisha kile kidole, anakisogeza kushoto kidogo, na watu wazima wawili wanabishana kuhusu wingu lipi. Siku ya tatu, kwa huruma, mangi wa dukani anamwonyesha mlima kwenye lebo ya chupa ya maji. Siku ya nne mgeni anauliza kwa sauti ya chini kama mlima huwa unahamishwa.

Swali lile lisingekubalika siku ya kwanza. Siku ya nne msomaji yuko tayari kulikubali, kwa kuwa amepandishwa bila kushtuka. Kwa hiyo ukiona chuku yako imelala, tafuta namba au jambo la kweli lililo chini yake, uliandike kwanza, bila kulipamba, halafu ndipo uanze kupanda.

Wengine wamecheka, wengine umewaumiza

Hapa naomba usome polepole.

Huku Kaskazini Mchaga na Mpare ni watani. Mtani anaingia msibani, anamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, na moyo unapata pa kupumulia. Anayeiona kwa mara ya kwanza anadhani ni ukosefu wa adabu. Kumbe ni adabu ya hali ya juu, yenye wenyewe na mipaka yake, na ruhusa yake ni ya pande mbili: leo wewe, kesho yeye. Msomaji wako hajaingia kwenye mkataba huo. Hawezi kukurudishia. Utani unaokwenda upande mmoja unageuka dhihaka, hata kama maneno ni yale yale.

Tena vichekesho vya Mchaga na hela, au Mpare na ubahili, msomaji amevisikia tangu darasa la pili. Hata asiyeumia haachi kuboreka. Ondoka kwenye kabila, nenda kwa mtu mmoja na kitu kimoja mkononi mwake.

Miaka kadhaa nyuma nilipeleka kwenye gazeti moja makala kuhusu muuza kahawa na karanga mwenye kigugumizi. Niliandika kigugumizi chake herufi kwa herufi. Ilichapwa. Baada ya siku chache ikaja barua ya mama mmoja, mistari minne tu: mwanawe ana kigugumizi, na shuleni wamemsomea makala yangu kwa sauti. Kwa Wachaga anayekwenda kuomba msamaha hubeba jani la isale. Mimi niliandika barua fupi, isiyo na mzaha hata mmoja ndani yake, na nadhani hivyo ndivyo barua ya namna hiyo inavyopaswa kuwa.

Kisa nilikiandika upya baadaye, kwa sababu kicheko kilikuwemo kweli, ila mimi nilikuwa nimekielekeza kwa mtu asiyestahili. Wa kuchekwa alikuwa mteja:

"Muuzaji akaanza, 'Ka-ka-ka…' Mteja ana haraka, akamalizia mwenyewe, 'Kahawa, ndiyo, nipe!' Akalipa, akasimama akisubiri kikombe. Muuzaji akamaliza sentensi yake: '…karanga tu. Kahawa imeisha.'"

Muuzaji ametoka na heshima yake, na haraka ya watu wa mjini ndiyo iliyochekwa. Hilo ndilo jaribio ninalolitumia mpaka leo: anayechekwa angeweza kubadilika kesho asubuhi? Mwenye haraka anaweza. Mwenye kigugumizi, mlemavu, asiye na kitu, hawakuchagua. Na kama unamtaja mtu aliye hai kwa jina, usimtungie jambo ukaliweka mtandaoni kwa sura ya habari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inagusa taarifa za uongo, na "nilikuwa natania" ni utetezi mwembamba.

Ukurasa umejaa alama za mshangao

Futa zote. Futa na "hahaha", na "yaani nilicheka mpaka nikalia". Ukicheka wewe kwanza, unamwachia msomaji nini? Sentensi isiyosimama bila alama hizo irudishe kwenye sehemu ya mbuzi, huenda ugonjwa wake uko kule.

Mwisho unazimika

Chanzo ni insha tena. Makala imekimbia vizuri, halafu inavaa koti: "Hivyo basi, ndugu msomaji, kisa hiki kinatufundisha kwamba…" Shika kalamu, rudi nyuma hadi tukio la mwisho, yaani mahali pa mwisho mtu alipofanya au kusema kitu. Kata kila kilicho chini yake. Kama bado panaonekana pamekatika vibaya, basi tukio lenyewe bado halijaandikwa, na utalipata kwa kujiuliza mhusika alikuwa wapi saa kumi na mbili baadaye.

Ya mgeni wa Dodoma niliimaliza kwa aya nzima kuhusu subira. Beseni. Nikaikata, nikajiuliza mgeni alikuwa wapi asubuhi iliyofuata. Alikuwa kwenye basi la saa kumi na mbili, amekaa dirishani, amechoka kwa siku nne za kutazama juu. Basi linatoka Moshi, jua linachomoza, wingu limeondoka lote, mlima umesimama wazi mpaka chini, kileleni mweupe pe, abiria wote wamegeuza shingo. Yeye amelala fofofo, paji la uso limeegemea kioo.

Nikaishia hapo. Shangazi aliweka kisu chini kabisa, juu ya maganda.

"Na hakuna aliyemwamsha?"